Kutoka Münster hadi Shakahola: Mlango Unavyofungwa Kidogo Kidogo

Katikati ya Machi mwaka 2000, majirani wa kambi moja ya kidini huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, waliona mambo wasiyoyazoea. Watu waliokuwa wakila kidogo na kufunga mara kwa mara sasa walichinja ng'ombe, wakanunua soda kwa makreti, wakawaaga jamaa zao. Ijumaa ya tarehe 17 waliingia katika jengo lao la ibada, milango na madirisha yakapigiliwa misumari, na muda mfupi baadaye jengo lote likawaka moto. Mamia waliteketea humo, watoto wakiwemo.

Habari za kwanza zilisema waumini wamejiua. Kisha polisi wakaanza kufukua. Kwenye nyumba na viwanja vilivyotumiwa na kundi hilo huko Rugazi, Buhunga, Rushojwa na hata Buziga jijini Kampala, zilitoka maiti nyingine kwa mamia, za watu waliouawa kabla ya siku ile, wengine kwa kunyongwa. Jumla ya waliokufa inakadiriwa kuzidi 700. Makaburi yale yalikanusha hadithi ya kujiua, lakini hadi leo wapo wanaoisimulia hivyo.

Kila baada ya msiba wa namna hii swali huwa lile lile: watu wazima, wengine wasomi, walikubalije? Swali hilo hutafuta jibu ndani ya mafundisho au ndani ya akili za marehemu, na hapo ndipo linapopotea. Ukiipitia historia kwa utulivu, utaona kwamba mafundisho ya makundi haya yanatofautiana mno, ila mbinu inafanana ajabu. Mtu hunyang'anywa, hatua kwa hatua, kila njia ya kutokea: pesa zake, ndugu zake, usingizi wake, ulimi wake, na mwisho miguu yake.

Tuanze mbali. Februari 1534 mji wa Münster, Ujerumani, uliangukia mikononi mwa Waanabaptisti, Wakristo waliofundisha kwamba ubatizo ni wa watu wazima tu. Kiongozi wao, Jan Matthys, mwoka mikate kutoka Haarlem, aliwafukuza mjini wote waliokataa kubatizwa upya, na ilikuwa majira ya baridi kali. Mali ikawa ya pamoja. Vitabu vikachomwa, ikabaki Biblia. Matthys alitabiri kwamba mwisho ungefika Pasaka ya mwaka ule, na Pasaka ilipofika alitoka nje ya kuta na wafuasi wachache kulikabili jeshi la askofu lililouzingira mji. Aliuawa papo hapo.

Mtu angedhani kwamba kwa kifo hicho mambo yangekwisha. Kinyume chake, kijana mshona nguo, Jan van Leiden, alishika nafasi yake, akasema ana maono mapya, na kufikia Septemba alikuwa amejitangaza mfalme. Aliruhusu wanaume kuoa wake wengi, yeye mwenyewe akaoa 16, na mmoja wao aliyethubutu kumpinga alimkata kichwa hadharani sokoni. Watu walikufa njaa huku jumba la mfalme likila. Mji ulipoanguka Juni 1535, viongozi watatu walikamatwa; waliteswa hadi kufa mwezi Januari uliofuata, na miili yao ikatundikwa katika vizimba vya chuma kwenye mnara wa kanisa la Mtakatifu Lambert. Vizimba hivyo viko pale mpaka sasa.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo huachwa. Imani ya ubatizo wa watu wazima haikufa Münster. Menno Simons, aliyekuwa padri huko Uholanzi, aliwakusanya Waanabaptisti waliokataa upanga, na Wamennonite wa leo ni watoto wa harakati hiyo. Kanisa la Mennonite lililoanzia Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934 lina mizizi huko, na waumini wake ni majirani wema kama majirani wengine. Fundisho moja, miji miwili ya kiroho isiyofanana hata kidogo. Kilichoiangamiza Münster ni mamlaka isiyoulizwa, ndani ya kuta ambazo mtu hakuweza kuzitoka kwa hiari yake.

Afrika nayo ina kurasa zake za uchungu. Aprili 1856, katika nchi ya Waxhosa, Afrika Kusini ya leo, msichana aitwaye Nongqawuse alisema amekutana na wazee wa kale karibu na mto Gxarha. Ujumbe wao, uliotafsiriwa na kutangazwa na jamaa yake Mhlakaza, ulikuwa huu: chinjeni ng'ombe wote, teketezeni nafaka, na wafu watafufuka na mifugo mipya itajaa mazizi. Lazima tuelewe hali iliyokuwapo. Waxhosa walikuwa wamepigana vita vya miaka mingi na Waingereza na kupoteza ardhi. Juu ya hayo, ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe uliotoka Ulaya ulikuwa unayamaliza mazizi yao. Mtu anayeona ng'ombe wake wakifa mmoja mmoja si vigumu kumshawishi awachinje waliobaki, kama malipo yake ni kurudishiwa kila alichopoteza.

Siku zilizotajwa zilipita bila wafu kufufuka. Lawama haikumwangukia nabii. Iliwaangukia wale waliokataa kuchinja, walioitwa amagogotya, kwamba ukaidi wao ndio unaowazuia wahenga. Hivyo kila utabiri ulioshindwa ulizaa uchinjaji zaidi na chuki zaidi kati ya ndugu na ndugu. Februari 1857 siku kuu ya mwisho ilipopita, ng'ombe wapatao 400,000 walikuwa wameshachinjwa. Watu wanaokadiriwa kufika 40,000 walikufa kwa njaa, na gavana George Grey akaitumia njaa hiyo kuwageuza manusura vibarua na kuchukua ardhi yao. Sioni haki kumtupia mzigo wote msichana wa miaka kama 15. Lakini ile hesabu ya kugeuza kosa la nabii kuwa dhambi ya mwenye shaka, ishike vizuri, maana tutaikuta tena.

Kabla ya kusonga mbele, tahadhari. Dola zimewahi kulitumia jina la upotofu kama rungu. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alihubiri na kuponya wagonjwa huko Kongo kwa miezi michache tu, Wabelgiji wakaingiwa hofu, wakamhukumu kifo, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30 na akafia Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, mwaka 1951. Kanisa lake lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969. Kosa lake lilikuwa kuwa Mwafrika anayesikilizwa. Kwa hiyo anayepima hatari ya kundi kwa ugeni wa mafundisho yake yuko kwenye njia ile ile iliyomfunga Kimbangu.

Chukua pia Loliondo, Tanzania. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni za magari kwenda kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, kwa shilingi 500. Palikuwa na hatari, na ilikuwa kubwa: wapo wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa kuamini wamepona. Hata hivyo Babu hakumzuia mtu. Ulikunywa, ukapanda gari, ukarudi kwenu, na kama hukupona uliweza kusema hadharani kwamba hukupona. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyokosekana Kanungu.

Sasa tuje Jonestown, kwa sababu hakuna mahali ambapo utaratibu wote unaonekana wazi zaidi. Jim Jones alianza miaka ya 1950 mjini Indianapolis, Marekani, kwa kufanya jambo jema. Katika mji uliotenganisha weusi na weupe, kanisa lake, Peoples Temple, liliwaketisha pamoja. Lililisha wenye njaa, liliwatunza wazee. Yeye na mkewe waliasili watoto wa rangi mbalimbali. Huko California baadaye wanasiasa walimkumbatia, na San Francisco ikampa uenyekiti wa mamlaka ya nyumba za jiji. Wengi wa wafuasi wake walikuwa Wamarekani weusi waliotafuta haki na heshima. Hawakujiunga na kundi la kifo. Walijiunga na kanisa lililowaita kwa majina yao wakati nchi yao iliwaita vingine.

Nyuma ya pazia mambo yalikuwa tofauti. Wasaidizi wa Jones walikusanya habari za siri za wageni ili yeye ajifanye amefunuliwa. Miujiza ya kuponya saratani ilifanywa kwa matumbo ya kuku yaliyotolewa kana kwamba ni uvimbe. Waumini walitoa mishahara, kisha nyumba, kisha wakahamia katika makazi ya pamoja. Walikiri makosa mbele ya mkutano, mengine ya kubuni, na walitia saini karatasi zenye maungamo ambayo yangeweza kutumiwa dhidi yao. Walichapwa hadharani. Kila mtu alikuwa mpelelezi wa mwenzake, mume wa mkewe, mtoto wa mzazi wake. Walimwita Baba.

Mwaka 1977, magazeti yalipoanza kuchimba, alilihamishia kundi msituni Guyana, mahali palipoitwa Jonestown. Huko pasipoti zilichukuliwa, barua zilisomwa kabla ya kutumwa, hundi za pensheni za wazee ziliingia mfuko mmoja. Watu walifanya kazi shambani kutwa nzima na kula wali, halafu usiku wakakesha kwenye mikutano, huku sauti ya Jones ikitoka kwenye vipaza sauti. Mara kadhaa aliwaamsha na kuwaambia maadui wamewazingira, akawapa kinywaji akisema kina sumu, kisha akawaambia lilikuwa jaribio la utii. Mtu aliyekwisha kunywa mara moja kwa kuamini kwamba anakufa, ya pili humwia rahisi.

Ndugu waliobaki Marekani ndio waliopiga kelele hadi mbunge Leo Ryan akaenda kuona mwenyewe, Novemba 1978. Wachache wakapata ujasiri wa kuomba kuondoka naye. Hilo lilimtosha Jones. Watu wake wenye silaha waliushambulia msafara kwenye uwanja wa ndege wa Port Kaituma wakamuua Ryan na wengine wanne, na jioni ya tarehe 18 pipa la kinywaji chenye sianidi likaletwa mbele ya mkutano. Katika mkanda wa sauti uliobaki anasikika mwanamke mmoja, Christine Miller, akibishana naye. Aliuliza kama bado kuna njia ya kwenda Urusi, akasema watoto wanastahili kuishi. Umati ulimzomea mpaka akanyamaza. Watoto walianza kupewa, wengine kwa bomba la sindano lisilo na sindano, walinzi wakiwa wamesimama kuzunguka. Waliokufa siku ile ni 918, na zaidi ya 300 walikuwa watoto. Christine Miller alikuwa miongoni mwao, na kwangu mimi jina lake linastahili kukumbukwa kuliko la Jones.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kuyaeleza mengi ya haya mapema. Robert Jay Lifton, daktari wa akili wa Marekani, aliwahoji Hong Kong katikati ya miaka ya 1950 watu waliopitia kampeni za kubadilishwa mawazo nchini China, na kitabu chake cha mwaka 1961 kilieleza mazingira yanayovunja hiari ya mtu: habari za nje kuzuiwa, maungamo yasiyoisha, usafi usiofikika, lugha ya ndani inayokata mjadala kabla haujaanza, na mwisho wake kiongozi kuamua nani anastahili kuishi. Lakini tusidhani ni uchawi. Mwanasosholojia wa Uingereza Eileen Barker aliwafuatilia watu waliohudhuria semina za Kanisa la Muungano la Sun Myung Moon, akachapisha matokeo mwaka 1984: chini ya mtu mmoja kati ya kumi walijiunga, na wengi wa waliojiunga waliondoka wenyewe ndani ya miaka michache. Mlango ukiwa wazi, watu hutoka. Ndiyo maana makundi ya kuua huushughulikia mlango kwanza.

Turudi Kanungu tukiwa na macho hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Uganda ilikuwa imetoka vitani na UKIMWI ulikuwa unafyeka familia. Credonia Mwerinde, aliyewahi kuuza pombe ya ndizi, alidai kuzungumza na Bikira Maria. Joseph Kibwetere, Mkatoliki mwenye mali na heshima, alimpokea nyumbani kwake mwaka 1989, na baada ya miaka michache familia yake ilipowatimua wafuasi, walihamia Kanungu. Padri msomi, Dominic Kataribabo, akaungana nao na kuwapa sura ya kuaminika. Wafuasi waliuza mashamba na kukabidhi pesa. Wanandoa walitenganishwa. Wengi walikatazwa kusema, wakawasiliana kwa ishara, eti wasije wakaivunja amri ya kutoshuhudia uongo. Hebu tafakari kambi ya mamia ya watu ambamo mtu hawezi kumnong'oneza mwenzake kwamba ana mashaka. Mwaka 1998 mamlaka ziliifunga shule yao kwa sababu ya hali mbaya ya watoto, lakini kambi ikaendelea. Dunia ilipaswa kuisha tarehe 31 Desemba 1999. Haikuisha, na waliouza mali zao wakaanza kudai warudishiwe. Kabla ya miezi mitatu kupita walikuwa wamekufa. Viongozi walitolewa hati za kukamatwa, hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani.

Shakahola iko karibu zaidi nasi, kwa wakati na kwa lugha, maana mahubiri yake yalisikika kwa Kiswahili. Paul Nthenge Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi Malindi, Kenya, alianzisha kanisa lake, Good News International, mwaka 2003. Alihubiri kwamba shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, namba ya Huduma, ile ya utambulisho wa raia, ni alama ya mnyama. Yatazame makatazo hayo kwa upande wa matokeo. Mtoto asiyekwenda shule haonwi na mwalimu. Mama asiyekwenda zahanati haonwi na muuguzi. Mtu asiye na kitambulisho haonwi na serikali. Kila katazo lilimwondolea muumini jicho moja la nje ambalo lingeweza kugundua kwamba amekonda.

Mwaka 2017 polisi waliwatoa watoto kanisani kwake, akashtakiwa. Mwaka 2019 alikamatwa tena, akatangaza kulifunga kanisa, akahamia msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Familia zilimfuata, zikauza zilivyokuwa navyo na kugawiwa viwanja katika vitongoji vilivyopewa majina ya Biblia. Janga la korona likawa uthibitisho kwao kwamba siku za mwisho zimefika. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, mfungo wa kufa ulikuwa na ratiba: watoto kwanza, kisha wanawake, kisha wanaume. Machi 2023 Mackenzie alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Aprili ufukuaji ukaanza, na ulipopungua makaburi yalikuwa yametoa miili zaidi ya 400. Mwanapatholojia wa serikali alikuta wengi wamekufa njaa, na wengine, watoto wakiwemo, wakiwa na dalili za kunyongwa na kukosa hewa. Mackenzie aliyakana mashtaka yote.

Jambo moja la Shakahola lilinisikitisha kwa namna ya pekee. Manusura 65 waliokataa kula baada ya kuokolewa walifikishwa mahakamani Juni 2023 kwa kosa la kujaribu kujiua. Watu waliokuwa wamepokonywa kila kitu walipokewa na dola kwa pingu. Anayetoka katika kundi la namna hii anahitaji uji, usingizi, daktari, na mtu asiyemcheka. Akikuta dhihaka nje, atarudi ndani, au atakaa nje huku moyo wake ukiwa ndani.

Basi mtu aliye na wasiwasi juu ya nduguye aangalie nini? Aache kubishana naye kuhusu Ufunuo wa Yohana. Hapo hatashinda, na kila hoja itahesabiwa kuwa mateso yaliyotabiriwa. Auangalie uhuru wake. Je, anaweza kulala kwa ndugu zake siku tatu bila kuomba ruhusa? Simu yake anaishika nani? Sadaka imekwisha kuwa kiwanja na mshahara wote? Wanaoliacha kundi wanazungumzwaje, kama watu waliobadili mawazo au kama wafu na wasaliti? Utabiri usipotimia nani hulaumiwa? Watoto wanapimwa uzito wapi, na nani nje ya kundi aliyewaona mwezi huu? Na mwanzoni kabisa, kabla hayo yote hayajatokea, kuna dalili ambayo ni ngumu kuitambua kwa sababu ni tamu: upendo wa haraka mno kutoka kwa watu wasiokujua, ukiambatana na maneno madogo madogo ya kukuonya juu ya mama yako.

Wanaonaswa si wajinga. Kundi la Aum Shinrikyo, lililotega gesi ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo tarehe 20 Machi 1995, lilikuwa na wanakemia na madaktari waliohitimu vyuo bora vya Japani. Mara nyingi ni mtu aliye katika kipindi cha mpito: mwanafunzi aliyehamia mji mgeni, mjane wa mwezi wa tatu, mfanyakazi aliyeachishwa kazi, mama mwenye mtoto asiyepona. Anahitaji watu, na anayefika kwanza ndiye anayempata. Ukweli huu unatuhusu sote tunaochelewa kufika.

Na katika kila kisa nilichotaja kutoka karne iliyopita hadi hii, walikuwapo waliosema mapema. Ndugu wa waumini wa Jonestown walisema. Familia ya Kibwetere iliwafukuza watu wale nyumbani. Wanaharakati na waliotoka katika kanisa la Mackenzie walipiga ripoti. Hata hivyo, katikati ya mwaka 2025, miaka miwili baada ya Shakahola, miili zaidi ya 30 ilifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi. Kwa hiyo kama una ndugu aliyehamia mahali msipopajua, aliyeuza shamba ghafla, ambaye watoto wake hawajaonekana shuleni, usisubiri akutafute yeye. Mpigie simu bila ugomvi, mwambie chumba chake kipo. Nenda ukamwone. Ukizuiwa langoni, nenda kituo cha polisi ukaandikishe taarifa, uchukue namba yake, na wasipofanya lolote rudi wiki ijayo na wenzako.